Nilivyoupata Mkeka wa Bibi kwa Bei ya Chini

Mtu wa kwanza kuniagiza buti alinikuta nimekaa juu ya jiwe mwisho wa shamba letu la chai, mahali pekee hapa kwetu Suma ambapo mtandao wa simu unatulia. Alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima, anatoka kupimisha chai, kapu tupu mgongoni, gauni limelowa umande hadi magotini.

"Ugonile, mchumi," alinisalimu. Tangu nirudi nyumbani, msichana na shahada yake ya uchumi, majirani wameacha kuniita jina langu. "Chai hutaki kuchuma, lakini nasikia unauza buti."

"Nani kasema?"

"Si mama yako mwenyewe! Alitusimulia kikundini, tukampigia na makofi. Sasa mimi nataka za mpira, namba saba. Hizi za Tukuyu mjini zinapasuka kisigino kabla hujamaliza palizi."

"Mama, zile buti si za kuvaa."

Akanitazama miguu, akatazama simu, akanitazama usoni. "Ni za kufanyia nini?"

"Ni za mchezo. Ziko humu ndani ya simu."

"Na watu wananunua?"

"Wananunua."

"Watu wazima?"

"Wengi ni watu wazima."

Alitikisa kichwa polepole, akaliweka kapu lake sawa. "Basi Mungu akusaidie, mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo watu wa huku humsemeshea mgonjwa aliyetoka hospitali bila kuambiwa anaumwa nini. Akashuka na njia yake ya migombani. Nilibaki juu ya jiwe nimeona aibu, na kwa sababu sipendi kuona aibu bila kujua sababu, nikaanza kujihoji. Nimemdanganya? Hapana. Nimemwibia mtu? Hapana. Basi kwa nini masikio yanawaka?

Nieleze biashara yenyewe, maana mama aliieleza kwa namna yake na ndiyo iliyozaa maagizo ya namba saba.

Kuna mchezo wa mtandaoni unaochezwa na watu wa nchi nyingi kwa wakati mmoja. Ndani yake kuna milima, misitu, miji, na kila mchezaji ana mtu wake anayemwendesha. Wengi wanataka mtu wao awe shujaa wa kupigana. Wangu ni fundi wa ngozi. Wawindaji wanaua wanyama huko porini, wanaleta ngozi sokoni, mimi nazinunua, nazishona buti na mikoba, kisha navipeleka mnadani. Mnada huo ni ukumbi mkubwa usio na sauti. Kila kitu kimeandikwa bei iliyofikiwa na muda uliobaki, na anayetaka anaongeza. Buti zangu zinamfanya mvaaji akimbie haraka zaidi, kwa hiyo zina wateja. Napata sarafu za mchezo, na yupo mtu ninayemfahamu kwa namba ya simu tu ambaye huzinunua na kunitumia pesa halisi. Si nyingi. Zinatosha vifurushi vya intaneti, sabuni, sukari, na mara mojamoja kitu cha kumpa mama mkononi ili asiulize sana.

Mimi ni mtu wa kuhoji. Chuoni niliwahoji walimu mpaka mmoja akaniomba nimwachie dakika za kufundisha. Nyumbani nilihoji kwa nini mahari, kwa nini kikundi cha kuweka na kukopa kinaanza kwa sala, kwa nini wanawake ndio wanaobeba ndizi na wanaume ndio wanaobeba simu ya kuongea na mnunuzi. Mnada sikuwahi kuuhoji. Niliupenda. Uliniambia waziwazi nani amepatia na nani amekosea, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniambia tangu nimalize chuo.

Ndani ya mnada ule nilijifunza tabia, nazo zikanikaa kuliko nilivyofikiri. Usifungue bei wewe. Anayefungua anaonyesha njaa yake. Kaa kimya, waache wengine waoneshane. Wakichoka, muda ukiwa unaishia kabisa, ongeza kile kiasi kidogo kinachokubalika, si zaidi, uchukue. Nimechukua ngozi nzuri mno kwa namna hiyo, kutoka kwa wachezaji wapya wasiojua thamani ya walichonacho. Nikishinda hivyo nilikuwa nacheka peke yangu juu ya jiwe, na wachumaji chai wanasikia.

Bibi yangu, mama yake mama, anakaa nyumba ndogo uani kwetu. Yeye ni fundi wa mikeka. Ukindu analetewa kutoka Kyela, unachemshwa na rangi kwenye sufuria ambayo mama hairuhusu iguse chakula, kisha anausuka kuwa ukili, ule utepe mrefu, na baadaye anaziunganisha kili kwa kushona mpaka mkeka unakamilika. Hatii jina wala alama ya kuandikwa. Pembeni huwa anaacha mstari mwembamba wa zambarau unaokatika kidogo kabla ya kona, na huku kwetu kila mtu akiuona anajua ni mkono wa nani.

Mwaka huu macho yake yalizidi kufunga. Madaktari walisema ni mtoto wa jicho na wakampangia kurudi, lakini yeye alisema kwanza amalize mkeka. Alikuwa anausuka kwa vidole, na rangi ananiuliza mimi. "Hii nyekundu au zambarau?" Namjibu bila kuinua uso kwenye simu. Siku moja akaniuliza, "Na wewe unashona nini humo?"

"Buti, Bibi."

"Za ngozi?"

"Za ngozi. Zinaandikwa jina la fundi, popote zinapokwenda."

Hilo lilimfurahisha. Aliacha kusuka. "Kwa hiyo wanaozivaa wanakufahamu."

"Hapana. Jina lenyewe ni la kubuni."

"Sasa wakitaka kukushukuru?"

"Hawashukuru, Bibi. Wameshalipa."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Gwe mwana! Mtu akilipa ndiyo hashukuru? Basi hao ni watu wa ajabu unaokaa nao." Kisha akarudi kwenye ukili wake, akasema kama anayezungumza na ukindu, "Huu ni wa mwisho. Nitautoa siku ya mavuno. Nataka niusikie unaitwa bei."

Kwa asiyejua: Jumapili ya mavuno, kanisani kwetu, asiye na pesa hutoa alichonacho. Watu huja na mikungu ya ndizi, mayai, kuku, parachichi, miwa, viazi vya wenye ndugu kule Isongole. Ibada ikiisha vitu vyote hunadiwa nje, kwenye nyasi, na pesa inaingia kanisani. Hiyo ndiyo sababu Bibi alisema anataka kusikia. Kuona asingeona. Amesuka mikeka maisha yake yote, mingine imeuzwa sokoni na watu wengine, mingine imezikiwa watu, na sasa alitaka kukaa mbele na kusikia kwa vinywa vya watu wake kazi ya mikono yake inafika wapi. Hakusema zaidi ya hapo. Mama aliyaelewa yote.

Asubuhi ya siku yenyewe mama aliniita jikoni. Yeye angekuwa na kwaya, halafu zamu ya kugawa chai kwa wageni. "Mkeka ukitajwa, utafungua wewe," aliniambia. "Si una hela yako ya buti?"

"Ninayo."

"Basi fungua. Usiniaibishe."

Nilimjibu asiwe na wasiwasi, mnada ndiyo kazi yangu. Nakumbuka nilivyojibu kwa kujiamini, na kila nikikumbuka nageuza kichwa pembeni hata nikiwa peke yangu.

Tukatoka nje baada ya ibada. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha, nyasi zimelowa, watu wamesimama nusu duara. Bibi aliwekewa kiti mbele, kitenge kipya kimefungwa kichwani, mikono juu ya mapaja. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa, mstaafu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Jogoo huyu!" alipaza sauti akimwinua kwa miguu. "Hajawahi kukosa ibada! Kila Jumapili anaamsha wakristo, wakristo wanageukia upande wa pili! Nani anampa elfu kumi?"

"Kumi!"

"Kumi na tano, akaniamshe na mimi!"

"Wewe hata baragumu ya siku ya mwisho haitakuamsha," mtu akasema nyuma, watu wakacheka, na jogoo akapanda mpaka bei ambayo ungenunua wawili sokoni na chenji ya pilipili. Mkungu wa ndizi ulinunuliwa, ukarudishwa kwa mnadi, ukanunuliwa tena na mwingine. Mayai yalifanyiwa utani hadi mwenye kuyatoa akajificha uso kwa leso. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiwaangalia kwa jicho la mchumi. Nilijiambia: hawa hawajui kununua. Kila mmoja anapandisha bei anayokwenda kulipa mwenyewe. Ningekuwa na soko la watu kama hawa ndani ya mchezo ningekuwa tajiri.

Kisha mnadi akaukunjua mkeka. Watu walinyamaza kwanza, kwa kuutazama. Ulikuwa mzuri kweli. Nyekundu na zambarau zilipishana bila kukosea hata mahali pamoja, na pembeni ule mstari mwembamba, umekatika kidogo kabla ya kona.

"Mnajua mkono huu," alisema mnadi, na safari hii hakuweka utani. "Nani anatufungulia?"

Kuna jambo ambalo mama hakunieleza, kwa kuwa huku hakuna anayeelezwa. Kitu kikiwa kimetengenezwa na mkono wa mtu mzima, bei hufunguliwa na mtu wa nyumbani kwake, tena kwa kishindo. Nyumba ndiyo inayotangulia kusema mzee wao ni wa thamani gani, na wengine wanajenga juu ya hapo. Mtu wa nje hawezi kutangulia. Angekuwa anaonyesha kwamba nyumba ile imemwacha mzee wake anadiwe na wapita njia. Ningalilijua hili kama ningekuwa nahudhuria. Nilipokuwa shule ya bweni sikuwepo, nilipokuwa chuo sikuwepo, na likizo nilikuwa nabaki kitandani nikimweleza mama kwamba imani ni jambo la mtu binafsi.

Kwa hiyo waliponyamaza wote, na vichwa kadhaa vikanigeukia, mimi nilitafsiri ninavyojua. Nikasema moyoni, wananipima. Wanataka nionyeshe njaa. Nikaangalia pembeni, kwenye migomba, kama mtu ambaye mkeka haumhusu.

"Nani anatufungulia?" mnadi alirudia, akinitazama.

Nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Watu wa nyumbani wapo?" aliuliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, karibu ya kuninong'oneza mbele ya watu wote.

Nilisikia vikombe vikigongana huko chini ya turubai ambako mama alikuwa anagawa chai. Kisha navyo vikaacha kugongana. Bibi aligeuza kichwa kidogo upande wa kulia, kidogo upande wa kushoto, kama kuku anayetafuta sauti ilipo. Nilimwona. Nilimwona vizuri kabisa, na bado nikasubiri, kwa sababu nilikuwa nahesabu kichwani kwamba kimya hiki kinashusha bei.

Ndipo sauti ikatoka mbali: "Elfu tano." Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, dada aliyehamishiwa huku kutoka kanda ya ziwa, mgeni wa mwaka mmoja hivi. Aliisema haraka, kama mtu anayerusha kitambaa kumfunika aliyevuliwa nguo.

"Elfu tano," mnadi akarudia taratibu. Hakuna aliyeongeza. "Mara ya kwanza." Alisubiri mno. "Mara ya pili." Akasubiri tena, akinitazama mimi tu. "Mara ya..."

"Tano na mia mbili," nikasema.

Nilikuwa natabasamu. Siwezi kulikwepa hilo. Nilikuwa nimeupata mkeka wa Bibi kwa bei isiyozidi ya kuku dhaifu, katika pumzi ya mwisho, kwa nyongeza ndogo kuliko zote, na kwa sekunde ile nilihisi ule ushindi ninaouhisi juu ya jiwe. Niliangalia huku na huku nione nani ametambua ufundi wangu.

Hakuna aliyeniangalia. Mama mmoja alikuwa anakunja kanga ambayo tayari imekunjwa. Wanaume walitazama viatu vyao. Mnadi aliukunja mkeka polepole, akauleta mwenyewe hadi nilipo, akauweka mikononi mwangu bila kusema "mara ya tatu" wala "umeuzwa." Alisema tu, "Haya, mwanangu," akarudi kwenye parachichi. Hakuzitania. Mnada wote uliobaki ulikuwa wa sauti ndogo, vitu vikaenda harakaharaka, watu wakaanza kuondoka kabla ya sala ya mwisho.

Nilikwenda kumshika Bibi mkono. "Ni wewe uliyenunua?" aliniuliza.

"Ni mimi, Bibi. Mkeka umerudi nyumbani."

"Vizuri," alisema. Baada ya hatua chache akauliza, "Watu walikuwa wachache leo, sivyo? Labda mvua."

Uwanja ulikuwa umejaa. Nilisema ndiyo, labda mvua.

Mama hakutembea nasi. Alifika nyumbani baadaye, akaweka sufuria za kanisa chini, akanikuta jikoni. Nilikuwa nimeshaanza kuhisi kuna kitu, na mimi nikihisi kitu naanza kujitetea kabla sijashtakiwa.

"Mama, bei ni bei," nilisema. "Kama kulikuwa na mtu aliyeutaka zaidi, si angesema?"

"Tulikuwa tunakusubiri wewe."

"Kwa nini mimi? Si kila mtu ana mdomo?"

"Nilikuambia ufungue."

"Nilinunua! Mkeka uko hapa, umerudi, tumeokoa na hela. Tatizo ni nini hasa? Nielezeni basi, maana hapa kila kitu ni cha kuelewa bila kuelezwa."

Mama alikaa kwenye kigoda. Kwaya ilikuwa imemkausha koo na aliongea kwa taabu. "Umesoma, sikatai. Nimejivuna na wewe mpaka nimekuuzia buti nisizozijua. Lakini leo umesimama mbele ya watu, mjukuu wake, mwenye hela mfukoni, ukawaonyesha kwamba mama yangu ni wa elfu tano. Na hukutosheka. Ukaongeza mia mbili."

Nina hoja nyingi kuhusu thamani na bei, nilizisomea. Niliinuka nikaanza kuosha zile sufuria za kanisa.

Jioni mwalimu alipita. Alisimama nje ya uzio akakataa kuingia, akaniita. "Dada, samahani," alisema. "Nimeambiwa nilikosea, mgeni hatangulii. Kwetu mnada wowote ni wa yeyote."

"Hukukosea wewe."

"Nilimwona bibi anavyogeuza kichwa, nikashindwa. Nilikuwa na hiyo hiyo tu mfukoni." Alivuta koti lake la mvua. "Niliona aibu kwa niaba yako, ndiyo maana nikasema chochote."

Mtu anaweza kukutukana ukamjibu. Huyu aliniomba msamaha.

Siku iliyofuata nilimfuata mnadi kwake. Nilimkuta anapogoa migomba. Nilimweleza kwamba nataka kuurudisha mkeka Jumapili ijayo, unadiwe upya, na safari hii nitafungua mimi kwa bei kubwa. Nilikuwa nimeshauza stoo yangu yote ya buti mchezoni, kwa hasara, ili niwe na cha kufungulia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mkungu ukirudishwa mnadani ni mchezo wa furaha," alisema. "Huu ukirudi, kila mtu atajua umerudi kwa nini. Watapandisha bei, wala usihofu. Watapandisha mpaka paa la kanisa. Na bibi yako atakuwa amekaa pale anasikiliza watu wakimhurumia. Macho yamefunga, mwanangu. Masikio bado."

"Sasa nifanye nini, Mzee?"

"Mimi ni mnadi tu," alisema, akaangusha jani kavu. "Ile hela uliyotaka kufungulia, ukipenda, itie kwenye sadaka. Lakini usije ukasema ni ya mkeka."

Niliitia. Haikunipunguzia chochote, na nilijihoji njia nzima kama nilikuwa natoa sadaka au nanunua usingizi kwa bei ya chini.

Kwa Bibi nilijaribu pia. Nilikaa karibu naye uani, nikaanza: "Bibi, ile siku ya mavuno, mimi sikujua kwamba..." Akaniwekea kiganja gotini.

"Ukindu uliobaki mpe yule jirani anayejifunza kusuka," alisema. "Umeanza kukauka, utamkatika mikononi. Mwambie aulowanishe."

"Bibi, nisikilize."

"Nimekusikia, mjukuu wangu. Mwambie aulowanishe usiku mzima."

Nikaupeleka ukindu. Yule jirani ndiye aliyetaka buti namba saba. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa kusema ndaga, akauliza hali ya Bibi, na hakuuliza kuhusu buti. Tangu siku ile hakuna aliyeniagiza tena. Mama ameacha kuisimulia kazi yangu kikundini. Nilikuwa nikitamani aache, na sasa ameacha.

Mchezo sijauacha. Ningependa kuandika kwamba niliufuta kwenye simu, ingekuwa hadithi nzuri zaidi, lakini bado nakaa kwenye jiwe, nashona, nauza. Wiki iliyopita mchezaji mpya aliweka ngozi nzuri kwa bei ya kijinga. Nikafungua kwa bei yake halisi, mara nne zaidi, mapema kabisa, kila mtu aone. Hakuna aliyeona. Muda uliisha, ngozi ikaja, sarafu zikaenda kwa mtu nisiyemjua mwenye jina la kubuni. Hakunishukuru. Nilikuwa nimeshalipa.

Mkeka uko sebuleni. Mama ndiye aliyeutandika, siku wageni wa upande wa baba walipokuja kutoka Igogwe. Shangazi mmoja alivua viatu kabla ya kuukanyaga, akapitisha mkono pembeni, akausifu kwa sauti.

"Jamani, mkeka huu! Siku hizi haipatikani kazi kama hii. Mliupata wapi?"

Mama alikuwa anamimina chai. Mkono wake ulisimama. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na nilijua lazima mtu ajibu, nikajua ni mimi niliyepaswa kufungua mdomo, nikasubiri. Hata pale. Nilisubiri.

Bibi aligeuza uso kuelekea sauti ya shangazi. "Niliutoa siku ya mavuno," alisema. "Huyu mjukuu wangu akaununua. Yeye ni mtu wa minada."

"Hongera sana!" shangazi akanigeukia. "Lazima ulikutoa jasho."

Wageni walicheka kwa furaha, wakinisubiri nitaje bei. Nililiweka sinia chini kwenye mkeka, vikombe vikalia, nikasema narudi kuchukua sukari. Sukari ilikuwa kwenye sinia.